Dawa ya sonona imemfanyaje paka wangu ale hivi?

Dada mmoja ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo tu: "Shikamoo dokta. Paka wangu ana miaka 14, figo zimeshachoka, alifika mahali hataki chakula kabisa, anasogea kwenye bakuli, ananusa, anageuka anaondoka. Daktari wa mifugo akampa kipande kidogo cha kidonge kinaitwa mirtazapini, nikasoma nikakuta ni dawa ya watu wenye sonona. Kama masaa mawili hivi paka kamaliza bakuli zima na anadai lingine, ila usiku kucha alikuwa anazunguka nyumba nzima analia kama kapotea. Dawa ya huzuni inahusiana nini na njaa? Na mnajuaje kama mnyama ana njaa kweli au amevurugwa tu akili?"

Marahaba dada. Nianze na jibu fupi alafu nirefushe, maana swali lako la pili ndo lenye nyama.

Jibu fupi ni kwamba hiyo dawa, kwa sehemu kubwa, haikumtia paka wako njaa. Njaa naona alikuwa nayo. Kuna kitu kichwani kilikuwa kimemfunga mdomo na dawa ikakilegeza. Na dalili umeitaja mwenyewe, umesema anasogea kwenye bakuli ananusa anageuka. Mnyama asiye na njaa mara nyingi hata hahangaiki na bakuli, analala zake. Wako alikuwa anaenda, anafika, alafu pale pale kuna kitu kinamwambia usile.

Sasa hiyo sonona isikusumbue. Dawa inabeba jina la ugonjwa ilioandikishwa kutibu, haibebi jina la kazi inayofanya ndani ya mwili. Mirtazapini haijui huzuni ni nini, yenyewe inajua vipokezi tu. Seli za ubongo zinaongea kwa kurushiana kemikali, na kipokezi ni kama sikio lililoko juu ya seli, kemikali ikitua pale seli inasikia na inabadilisha inachofanya. Dawa nyingi za ubongo zinafanya kitu kimoja kati ya viwili, ama zinaongea kwenye hilo sikio zikijifanya ndo kemikali yenyewe, ama zinaliziba lisisikie. Na kemikali moja ina masikio ya aina nyingi. Serotonini peke yake ina aina zaidi ya 10, zimesambaa kwenye ubongo, utumbo, moyo, mishipa ya damu, na kila aina ina kazi yake. Ndo maana mtu akiniambia serotonini ni kemikali ya furaha huwa nacheka, nyingi kabisa iko tumboni.

Mirtazapini ni mzibaji, na haizibi sikio moja. Inaziba la serotonini linaloitwa 2C, inaziba lingine linaloitwa 3, inaziba la histamini linaloitwa H1, na inaziba moja la noradrenalini ambalo kazi yake ni kama breki ya kuzuia kemikali zisimwagike ovyo. Hilo la mwisho liweke akilini, tutalirudia tukifika kwenye kelele za usiku.

Tuanze na 2C. Chini kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo inaitwa haipothalamasi, na ndani yake kuna seli ambazo zikisikia serotonini kupitia 2C zinatoa ujumbe wa "inatosha". Ukiliziba hilo sikio ujumbe unafifia na mnyama anaendelea kula. Ushahidi mzuri ulipatikana 1995, watafiti walitengeneza panya wadogo ambao jeni ya 2C imeharibiwa, wale panya wakawa wanakula kupita kiasi na kunenepa. Ila walikuwa pia wanapata degedege na wengine wanakufa nayo, yaani sikio lile lile linalosema umeshiba lina kazi nyingine kabisa sehemu nyingine ya ubongo. Hii shida ndo imeua dawa nyingi kwenye fani hii, utaona.

Kabla sijaendelea kuna kituko kimoja lazima nikuambie kwa sababu kinafundisha kuliko vitabu. Miaka ya 80 watu wakajaribu dawa moja ya maabara inaitwa 8-OH-DPAT, inaongea kwenye sikio la serotonini aina ya 1A. Kwa vile kila mtu alijua serotonini inapunguza kula, ungetegemea panya wapunguze, kumbe panya walioshiba kabisa wakarudi kula tena! Maelezo yake ni kwamba zile seli zenyewe zinazotengeneza serotonini zimejaa masikio ya 1A, ni sikio la kujisikia mwenyewe, seli ikisikia sauti yake imezidi inanyamaza. Kwa hiyo ile dawa iliwadanganya wasemaji kwamba wameshasema sana, wakanyamaza, serotonini ikapungua kila mahali kwingine, breki ikalegea, panya akala. Toka siku nilipoielewa hiyo sijawahi tena kukubali sentensi kama "dawa hii inaongeza serotonini kwa hiyo inakata hamu ya kula". Nauliza tu, kwenye sikio gani?

Haya, turudi kwa paka, maana kwa mgonjwa wa figo mi nadhani 2C sio habari kubwa sana. Habari kubwa ni lile sikio namba 3, ambalo liko kwenye neva za tumbo na kwenye shina la ubongo na linahusika na kichefuchefu. Figo zikichoka uchafu unabaki kwenye damu na shina la ubongo linausikia. Paka hawezi kukuambia anasikia kichefuchefu, atalamba lamba midomo, atameza mate, atasogea kwenye chakula atageuka.

Na hapa kuna utafiti mmoja ambao naupenda sana kwa sababu uligeuza jinsi tunavyofikiri kuhusu njaa. Zamani picha ilikuwa rahisi. 1940 Hetherington na Ranson waliharibu sehemu ya chini katikati ya haipothalamasi ya panya, panya wakanenepa sana. 1951 Anand na Brobeck wakaharibu pembeni pembeni, panya wakaacha kula. Basi watu wakasema kuna kituo cha shibe na kituo cha njaa, swichi mbili, kwisha kazi. Ikafundishwa hivyo miaka mingi japo haikuwa sahihi, kwa sababu ukichoma sehemu ya ubongo unakata pia nyuzi zinazopita tu hapo kwenda kwingine, ni kama kubomoa kituo cha basi alafu ukasema hapa ndo safari zilikuwa zinatengenezwa.

Baadaye zikapatikana seli zenyewe, zinaitwa AgRP, mi naziita seli za njaa. Mnyama akikaa bila kula zinawaka. 2011 watafiti waliziwasha kwa mwanga ndani ya kichwa cha panya wadogo walioshiba na ndani ya dakika chache wakaanza kula kwa fujo. Lakini nusu ya hadithi ndo inakuja. 2005 maabara ya Richard Palmiter kule Seattle, Marekani, waliziua seli hizo kwa panya wadogo waliokwisha kukomaa. Panya wakaacha kula, siku chache tu wako kwenye hali ya kufa. Rahisi kusema eh, si umeua njaa, unategemea nini. Hapana. Zile seli zina nyuzi zinazoenda mpaka kwenye kipande cha shina la ubongo ambacho ni kama meza ya kupokea habari mbaya: kichefuchefu, maumivu, sumu, tumbo limejaa. Na kazi mojawapo ya seli za njaa ni kuinyamazisha hiyo meza, kwa kutumia kemikali inayoitwa GABA. Seli zikifa meza inapiga kelele bila mtu wa kuituliza na mnyama hawezi kula hata chakula kiwe mbele ya pua.

2009 timu hiyo hiyo ikawapa wale panya dawa ya ukoo wa diazepamu, zile dawa za kutuliza wasiwasi ambazo zinaongezea nguvu vipokezi vya GABA, wakailenga kwenye kile kipande cha shina la ubongo, na panya wakaishi! Seli za njaa hazipo, zimekufa, na bado wanakula. Baada ya siku kadhaa dawa ikaondolewa na wakaendelea kula wenyewe, ubongo ulikuwa umeshajipanga upya. Alafu 2012 wakaonyesha kwamba ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika wanayopewa wagonjwa wa saratani, nayo inawaokoa. Na ondansetroni inafanya nini? Inaziba sikio la serotonini namba 3. Sikio lile lile ambalo mirtazapini inaliziba kwa paka wako.

Kwa hiyo unaona kwa nini nimesema njaa alikuwa nayo. Paka wako si panya wa Seattle, seli zake za njaa zipo, ila meza ya habari mbaya ilikuwa inapiga kelele kuliko zinavyoweza kutuliza. Kuna jaribio lilifanyika kwa paka wenye ugonjwa sugu wa figo kabisa, wakalinganishwa wakiwa kwenye mirtazapini na wakiwa kwenye kidonge kisicho na dawa, wakiwa kwenye dawa walikula zaidi, wakaongeza uzito, na kutapika kukapungua. Hicho cha kutapika watu huwa wanakiruka wakisoma.

Hiyo ya diazepamu, madaktari wa mifugo waliijua kwa macho kabla mtu hajaijua kwa seli. Ukimchoma paka sindano yake kwenye mshipa, muda mfupi tu anaanza kula, wengine wanakula huku wanayumba kama walevi. Tatizo ni kwamba vidonge vyake vimeua ini la baadhi ya paka, iliripotiwa 1996, ini linakufa ghafla, kwa hiyo mtu asikushauri kumpa paka diazepamu ya kwenye kabati lako ili ale.

Sasa swali la pili. Tunajuaje mnyama ana njaa au amevurugwa?

Kwanza, kupungua kula hakumaanishi kushiba, na hapa ndo watu wengi wamepotea, pamoja na watafiti wakubwa tu. Ukimtia mnyama sumu kidogo atapunguza kula. Ukimtia usingizi atapunguza kula. Ukimtia wasiwasi vile vile. Kwa hiyo huwezi kupima chakula kilichobaki ukasema nimepata dawa ya shibe. Wanaojua kazi wanaangalia mwenendo. Panya akishiba kweli ana utaratibu wake, anaacha chakula, anajisafisha manyoya, anazunguka kidogo, analala. Walipompa fenfluramini, dawa ya zamani ya kupunguza unene inayofanya kazi kupitia serotonini, utaratibu ulibaki vile vile ila ulianza mapema, kama mtu aliyeshiba haraka. Walipompa amfetamini, ambayo inamwaga kemikali za dopamini na noradrenalini, alipunguza kula pia lakini utaratibu ulivurugika kabisa, anakimbia kimbia, hajisafishi vizuri, halali. Gramu zilizopungua zinaweza kulingana, mnyama yuko kwenye hali mbili tofauti.

Alafu kuna kichefuchefu. Panya hawezi kutapika, mwili wake haujajengwa hivyo, kwa hiyo utajuaje? Anakula udongo. Kweli kabisa, panya akisikia vibaya tumboni anatafuta udongo mweupe anakula, kwenye maabara wanauweka pembeni ya chakula alafu wanaupima. Hizi dawa za kisasa za ukoo wa semaglutidi, ambazo zinaigiza homoni ya utumboni ya GLP-1 na zinaongea na shina la ubongo, panya wakipewa wanapunguza chakula na wanakula udongo. Sehemu ya kupungua kula ni shibe, sehemu ni kichefuchefu tu, na watu wanaotumia hizo dawa hawahitaji panya kuwaambia.

Kwa upande wa kuongezeka kula mambo ni matamu zaidi. Kuna kutaka na kuna kufurahia, na ubongo hauvichanganyi. Panya ukimdondoshea kitu kitamu mdomoni analamba midomo, ukimdondoshea kichungu anapanua mdomo na kutikisa kichwa, sura zinazofanana sana na za watoto wachanga. Kent Berridge na wenzake wamezisoma hizo sura miaka mingi. Dawa za ukoo wa diazepamu zinaongeza zile sura za utamu, yaani chakula kile kile kinakuwa kitamu zaidi. Dawa zinazochochea vipokezi vya afyuni kwenye vijisehemu fulani vya ubongo vivyo hivyo, na ukiziba hivyo vipokezi kwa naloksoni mnyama anapunguza kula, hasa vitu vitamu.

Dopamini ni habari nyingine. Palmiter huyo huyo ana panya wadogo wasioweza kutengeneza dopamini, wanazaliwa salama lakini wakifika wiki tatu nne wanakufa kwa njaa wasipochomwa dawa ya kuirudisha. Wana njaa? Wanafurahia? Ukiwawekea maji ya sukari na maji ya kawaida bado wanachagua ya sukari. Wanachokosa ni ule msukumo wa kunyanyuka kwenda kula. Kuna jaribio lingine zuri, panya ana chaguo, akanyage kitufe mara nyingi apate chakula kizuri au ale cha kawaida kilichomwagwa tu chini. Panya mzima anakanyaga. Ukiziba vipokezi vya dopamini haachi kula, anaacha kukanyaga, anahamia kwenye kile cha chini na anakula zaidi ya mwanzo. Hamu ya chakula ipo palepale, uvivu ndo umeongezeka.

Kwa hiyo kwa paka wako: alikwenda kwenye bakuli mwenyewe, akala chakula chake cha kawaida, akamaliza, akadai kingine. Hiyo naisoma kama njaa iliyofunguliwa. Mnyama aliyevurugwa akili anakula vipande viwili anaacha, anakwenda huku anarudi, anatafuna kitambaa.

Ila kelele za usiku ni kuvurugwa, nakubali. Si unakumbuka lile sikio la noradrenalini ambalo ni breki? Mirtazapini ikiliziba, noradrenalini na serotonini zinamwagika zaidi, na kwa paka matokeo ni kulia lia, kutotulia, kuzunguka, kujisugua kwa watu kupita kiasi. Kwa binadamu dawa hiyo hiyo inatia usingizi kwa sababu inaziba lile sikio la histamini. Kwa paka mara nyingi ni kinyume na dozi ikizidi inakuwa mbaya zaidi. Kidonge cha binadamu cha 15 mg kwa paka kinagawanywa vipande vinane, na hata mkato ukienda vibaya kidogo tu umeshampa zaidi ya inavyotakiwa. Na mwenye figo mbovu dawa inachelewa kutoka mwilini, ndo maana paka kama wako kwa kawaida hupewa kila baada ya masaa 48 na sio kila siku. Mpigie daktari wako mueleze hayo ya usiku, muulize dozi ni ngapi na imekatwaje, usiikate wewe mwenyewe na usiiache ghafla ukakaa kimya, maana paka akikaa siku kadhaa bila kula mafuta yanajaa kwenye ini na hilo linaweza kumuua kabla ya figo.

Ukiona anatetemeka, anahema mdomo wazi, mboni za macho zimepanuka sana, anayumba, hiyo ni dharura, serotonini imezidi. Dawa wanayotumia kutuliza hali hiyo ni siproheptadini, na kichekesho ni kwamba hiyo nayo ni dawa ya zamani ya kuongeza hamu ya kula kwa paka, kwa sababu inaziba masikio ya serotonini bila kuimwaga. Lakini msizitumie mbili pamoja kwa ajili ya kula, zinaharibiana kazi. Na kama yuko kwenye tramadoli ya maumivu au dawa yoyote ya kutuliza wasiwasi mwambie daktari, huo mchanganyiko ndo unaoleta balaa.

Kuna njia nyingine pia, ya kukanyaga mafuta badala ya kuachia breki. 1999 Wajapani Kojima na Kangawa walipata homoni ya tumboni inaitwa ghrelini, inapanda tumbo likiwa tupu na inawasha zile seli za njaa moja kwa moja. Kapromorelini inaigiza ghrelini, Marekani imeidhinishwa kwa mbwa tangu 2016 na kwa paka wenye ugonjwa wa figo tangu 2020. Inafanya kazi vizuri, ila inapandisha sukari kwa hiyo kwa paka mwenye kisukari sio chaguo langu, na kama tatizo kubwa ni kichefuchefu mi ningeanza na kichefuchefu, kwa nini umsukume mtu mlangoni wakati mlango bado umefungwa.

Utaniuliza kwa nini basi hizi dawa hazijamaliza tatizo la unene kwa binadamu, kama tunajua masikio yote haya. Kwa sababu ya kile nilichosema kwenye wale panya wa degedege. Fenfluramini iliondolewa 1997 kwa sababu ilikuwa inaharibu vali za moyo, ambazo nazo zina sikio la serotonini, aina ya 2B. Rimonabanti, iliyokuwa inaziba kipokezi kile kile ambacho bangi inakichochea, ilikata hamu ya kula vizuri tu, ikaingia Ulaya 2006 na ikasimamishwa 2008 kwa sababu watu walikuwa wanaingia kwenye sonona nzito na mawazo ya kujiua. Panya hakuwa na namna ya kutuambia hilo.

Kwako wewe, kama kukata vidonge ni mtihani, muulize daktari kuhusu mirtazapini ya kupaka, ni mafuta yaliyoidhinishwa Marekani 2018 kwa paka waliopungua uzito, 2 mg kwa siku kwenye ngozi ya upande wa ndani wa sikio kwa siku 14, hili la kusikilizia safari hii. Kwa figo za paka wako, daktari ndo ataamua kama apakwe kila siku au kwa nafasi. Na vaa glovu ukimpaka, inapita hata kwenye ngozi yako, utashangaa wewe umelala saa mbili usiku na unaamka unatafuta chakula.